Meza ya Fundi: Vilivyomo Ndani ya Mpini wa Upanga wa Mwanga

Barua tatu za mwezi huu, mbili za Unguja na moja ya Pemba, zinauliza juu ya kitu kimoja, nacho ni upanga wa mwanga: ule mfano wa silaha ya filamu za Star Wars, wenye mpini wa alumini, bapa la plastiki linalong'aa na sauti inayonguruma mtu anapoupunga. Ya Pemba ndiyo ndefu kuliko zote na ina mengi ya kufunza, kwa hiyo tunaanza nayo.

SWALI: Fundi wetu, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Wete na kazi yangu ni kutengeneza simu. Shemeji yangu aliyeko Uingereza ameniletea mpini mtupu wenye tundu la milimita 32, bodi ya sauti, spika ya milimita 28, betri ya litiamu ya aina ya 18650, taa ya LED nyekundu, swichi ya kubonyeza na bomba la polikaboneti la kufanyia bapa. Niliunga waya kwa kufuata mchoro, kisha nikavisukuma vitu ndani ya mpini kimoja baada ya kimoja. Upanga uliwaka na ukanguruma vizuri, lakini kila nikiupunga unazimika na kuanza upya. Mara nyengine unatoa mlio wa panga zinazogongana na hali haujagusa kitu, na baada ya dakika chache mpini unapata moto. Nimeufungua na kuufunga mara nne. Nimekosea wapi, na utaratibu wa kuvipanga vitu hivi ni upi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, kijana wangu. Kosa kubwa umelitaja mwenyewe pale ulipoandika kwamba ulivisukuma vitu kimoja baada ya kimoja. Mpini huu si mkoba wa kutiwa kila kinachoenea. Vyote vya ndani vinatakiwa viwe mwili mmoja uliofungwa juu ya kiunzi, ukajaribiwa mezani ukiwa wazi, ukapungwa na kutikiswa, na ukisharidhika nao ndipo uingie mpinini kwa mara moja kama jambia linavyoingia alani. Mwenye kufanya hivyo huufungua mpini wake mara moja kwa mwaka, wala hahitaji kuufungua mara nne kwa wiki.

Tuanze na kuzimika. Upanga unaozimika ukipungwa kisha ukaanza upya, aghalabu bodi yake imekosa umeme kwa kitambo kidogo mno ambacho jicho halikioni, na sababu zinazoleta hali hiyo ni mbili: ama betri inaachana na mguso wake, ama umeme unapotea njiani kabla ya kufika kwenye bodi. Kuzitofautisha ni kazi ndogo. Ulaze upanga mezani, uwashe, kisha ugonge kitako cha mpini kwa kiganja. Ukizimika, ubaya uko kwenye mguso wa betri. Usipozimika, pima volti kwa multimita kwenye ncha za betri taa ikiwa inawaka, halafu pima kwenye bodi pale waya za betri zinapoingia; ikiwa tofauti inafika volti 0.2 au zaidi, waya zako ndizo zinazokula umeme.

Nina dhana, na sidhani kama nitakosea, kwamba utazikuta sababu zote mbili. Wewe ni fundi simu, mkono wako umezoea vitu vidogo, na hapo ndipo penye mtego, kwa maana waya mwembamba kama unywele unaotosha kuunganisha njia iliyokatika katika simu hauwezi kupitisha ampea 1 inayotakiwa na taa yako bila ya kupata moto na kupunguza volti. Waya wa betri na wa taa uwe wa nyuzi nyingi, wenye unene usiopungua milimita mraba 0.3, na ukiupata wenye ganda la silikoni ni bora zaidi, kwa kuwa hukunjika upendavyo na ganda lake haliyeyuki chuma cha kulehemu kikiligusa. Swichi na spika hazina haja ya unene huo. Milimita mraba 0.08 zinatosha.

Kuhusu mguso wa betri, angalia springi yako iko upande gani. Upanga ukipungwa, kila kilichomo ndani hutupwa kuelekea kwenye bapa. Ikiwa springi iko upande wa bapa, betri huibana springi hiyo na papo hapo ikaachana na kile kipande cha bati kilichoko upande wa kitako, na umeme ukakatika. Igeuze nyumba ya betri ili springi iwe upande wa kitako: upanga ukipungwa betri itakandamizwa kwenye bati, na springi itaifuata kwa nyuma. Unapoigeuza, hakikisha chanya na hasi hazikubadilishana kwenye bodi, kwa sababu bodi nyingi za namna hii hazina kinga ya kosa hilo na hufa kimya kimya.

Ule mlio wa kugongana usio na sababu unatokana na bodi kulegea. Ndani ya bodi mna kihisi kinachopima mwendo na mtikisiko. Bodi ikicheza hata kwa milimita moja, kihisi hudhani upanga umepigwa. Kwa hiyo bodi ifungwe imara, ilale sambamba na urefu wa mpini, na upande wake wa mbele uelekee kule ambako mchoro wake unaonyesha. Watu wengine huifunika kwa sifongo wakidhani wanailinda, na kumbe wameipa kitanda cha kurukia.

Moto nao una pahala pake. Hukueleza unaanzia wapi, na jambo hilo ndilo linaloamua kila kitu. Mpini ukiwa na uvuguvugu karibu na taa, furahi, maana yake ni kwamba joto la LED linatolewa na kupelekwa kwenye alumini kama inavyotakiwa. Taa ya namna hii isipopata chuma cha kuifyonza joto huungua ikiwa bado mpya. Bali moto ukiwa katikati ya mpini, palipo na waya na rezista (kile kipande kidogo cha kupunguza umeme unaokwenda kwenye taa), au ukawa kwenye betri yenyewe, zima mara moja na utoe betri.

Katika orodha ya vitu vyako sikuona rezista. LED nyekundu inahitaji kiasi cha volti 2.2 hadi 2.4, na betri ya litiamu iliyojaa ina volti 4.2. Ikiwa bodi yako haina uwezo wa kuzuia umeme wa taa yenyewe, basi volti zilizozidi lazima zipate pa kumalizikia. Chukua 4.2, toa 2.3, zinabaki 1.9, ukitaka taa ipate ampea 1, gawa 1.9 kwa 1 upate omu 1.9, na dukani utachukua rezista ya omu 2. Rezista hiyo itageuza karibu wati 1.8 kuwa joto, kwa hiyo nunua ya wati 3, wala usichomoe zile ndogo za robo wati zilizomo ndani ya redio mbovu, kwani itaungua kabla hujamaliza kukaza parafujo. Ungekuwa na LED ya buluu hesabu ingekuwa nyengine, kwa sababu hiyo hutaka volti 3.2 hadi 3.4 na rezista ya omu 1 humtosha mtu.

Sasa kiunzi. Nchi za nje viunzi hivi huchapwa kwa printa za 3D, na ukiletewa kimoja uliza kimetengenezwa kwa plastiki gani, kwa sababu ile iitwayo PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani saa saba ya mchana wakati wa kaskazi hufika huko kwenye dashibodi yake bila ya shida. Mimi natumia bomba la plastiki la maji, lile la milimita 32 kwa nje linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Kata kipande chenye urefu wa kutosha betri na bodi, kisha kwa msumeno wa chuma ondoa ukanda wa milimita 5 kutoka juu hadi chini. Bomba litakalobaki ukilibana kwa vidole husinyaa hadi kama milimita 30 na nusu, linaingia katika mpini wako wa 32 kwa raha, na likishaingia hujitanua lenyewe na kushika kuta. Ule mwanya ulioukata ndiyo njia ya kupitishia waya za taa kutoka kwenye bodi hadi mbele. Laini makali yake kwa msasa kabla ya kufunga chochote, kwa sababu makali ya plastiki iliyokatwa kwa msumeno hukwangua ganda la waya pole pole.

Na hapa nieleze lililonifika. Upanga wangu wa kwanza niliufunga usiku, kichwa cha waya wa chanya nikakiacha wazi kwa kiasi cha punje ya mchele, nikijiambia kwamba mpini umepakwa rangi na rangi haipitishi umeme. Rangi ile ilikwanguka mara ya pili nilipokitoa kiunzi cha ndani, waya ukagusa alumini, na shoti ikapiga ndani ya bomba nililokuwa nimelishika mkononi. Nilibahatika kuwa betri ilikuwa na kinga yake ya ndani. Tangu siku hiyo kila kiungo nakivisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, na mrija huo nautia kwenye waya kabla ya kulehemu, maana hakuna fundi ambaye hajawahi kulehemu kiungo kizuri kabisa kisha akauona mrija wake umebaki mezani.

Utaratibu wenyewe, basi, uwe hivi. Anza na taa na kipande chake cha alumini cha kufyonza joto, uilehemu waya zake, upake dawa ya kupitisha joto baina ya taa na alumini, na uikaze. Halafu swichi, kwa sababu swichi ndiyo inayokataa kuhama: tundu lake limekwisha kutobolewa katika mpini, na kila kitu chengine lazima kijipange kwa kulifuata. Urefu wa waya za swichi uwe wa kutosha kuichomeka kiunzi kikiwa nusu nje, usizidi hapo. Kisha bodi na rezista juu ya kiunzi, halafu nyumba ya betri, na mwisho spika, ambayo mahala pake ni ndani ya kitako ikiangalia vile vitundu, ikizungushiwa ukanda wa mpira ili isitikisike na ili hewa ya nyuma isichanganyike na ya mbele. Spika iliyoachwa wazi nyuma hupoteza mngurumo wote mzito na ikabaki na sauti ya nyuki. Wakati wa kulehemu usikawie: risasi ya kulehemu ya 60 kwa 40, yaani bati 60 na risasi 40 kwa mia, huyeyuka karibu na nyuzi 190, chuma chako kiweke kwenye 350, uguse sekunde mbili au tatu na uondoe.

Kadi ya sauti, yaani ile kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomekwa kwenye bodi, isiguswe sana. Iwe na mpangilio wa kuhifadhia mafaili uitwao FAT32, na majina ya mafaili yabaki kama yalivyo, hata kama hayapendezi. Wengi hudhani sauti ile imebuniwa na kompyuta, lakini mtengeneza sauti Ben Burtt aliipata kwa kuchanganya mvumo wa mota ya projekta ya zamani na mlio ulionaswa karibu na televisheni. Na mpini wa kwanza wenyewe, ule wa filamu ya mwaka 1977, ulikuwa ni mpini wa taa ya kamera ya Graflex, yaani kopo la kubebea betri. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba hadi leo shida nyingi za upanga huu zinaanzia kwenye betri.

SWALI: Fundi, mwanangu wa miaka 13 amenunuliwa na mjomba wake upanga wa namna hiyo kwa ajili ya sikukuu, nao unachajiwa kwa kutiwa waya kwenye kitako. Anaulaza kitandani ukiwa kwenye chaji. Isitoshe betri ya akiba aliyoinunua dukani imeandikwa 9900. Je, kuna hatari? Mama wa Jang'ombe.

JIBU: Ipo, mama yangu, na tukianza na hiyo betri ya akiba, iondoe nyumbani leo. Namba 9900 ni madai ya uwezo wa betri kwa kipimo cha miliampea-saa, na kopo la betri hizi za 18650, lenye milimita 18 kwa 65, halijawahi kubeba hata nusu ya kiasi hicho. Betri njema ya aina hiyo huandikwa 2500, 3000 au 3500. Ukitaka ushahidi, mpelekee sonara aipime kwenye mizani yake ya dhahabu: betri ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na ya uongo mara nyingi huwa nyepesi kwa namna inayoonekana. Aliyethubutu kuandika uongo kwenye ganda hatashindwa kuacha kinga ndani yake.

Upanga wenyewe usichajiwe kitandani, kwani godoro huzuia joto kutoka na likishika moto hushika kwa haraka. Uchajiwe juu ya sakafu au sahani ya udongo, mtu mzima akiwa macho, kwa chaja ya litiamu inayoishia volti 4.2 na si kwa chaja yoyote inayoenea tundu. Panga nyingi zenye tundu la chaji huja na kizibo chake. Kukitia kizibo hicho huikata hasi ya betri isifike kwenye bodi, na hivyo upanga huzimika kabisa. Kijana afundishwe kukitia kila anapomaliza kucheza, kwa sababu bodi iliyoachwa bila kizibo huendelea kunyonya betri kidogo kidogo hata ikiwa imelala, na betri ya litiamu ikishuka chini ya volti 2.5 haifai kuchajiwa tena. Pia asiuwashe bapa likiwa limetolewa akachungulia tunduni. Taa ile ni kali kuliko tochi nyingi, nayo humdhuru mwenye kuitazama kwa karibu.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana wa Unguja tunaotaka kuonyesha jukwaani mchezo wa kupigana unaofanana na kirumbizi, lakini kwa panga za mwanga badala ya fimbo. Tumeshauriwa tununue mabapa yenye utepe wa taa ndani yake, kwa kuwa mwanga wake hupanda kutoka mpinini hadi nchani. Je, yatahimili? Na je, chumvi ya bahari itaziharibu?

JIBU: Kwa uzuri hakuna lililo bora kuliko utepe, ila kwa kirumbizi siushauri. Utepe unaotumika una taa ndogo 144 kwa kila mita, na bapa la sentimita 90 huwekwa tepe mbili zilizopeana migongo, yaani taa 260 kwa makadirio. Kila taa ikiwaka nyeupe kwa ukamilifu huvuta miliampea 60, na jumla yake inakaribia ampea 15 na nusu, mzigo ambao betri ya kawaida haiuwezi. Ukitumia rangi moja tu, nyekundu au buluu, mzigo hushuka hadi theluthi, kama ampea 5, na hapo betri iliyotengenezwa kwa kutoa umeme mwingi itauweza. Lakini umeme si tatizo lenu kubwa. Taa hizo hupelekeana habari moja baada ya moja kama watu wanaopokezana ndoo, na ikikatika lehemu ya mmoja kwa kipigo, wote waliomfuata huzimika au huganda kwenye rangi moja. Wachezaji wa kirumbizi hupiga kwa kweli, si kwa kuigiza.

Chukueni panga ambazo taa yake imo ndani ya mpini na bapa ni bomba tupu la polikaboneti lenye ukuta wa milimita 3 hivi. Likipasuka, mtalibadilisha kwa kulegeza parafujo moja, na vya ndani havitakuwa na habari. Upanga mmoja wa utepe mnaweza kuwa nao kwa ajili ya mkuu wa mchezo anayeingia peke yake kabla ya mapambano, na huyo asipigane nao.

Chumvi itaziharibu, ndiyo, na itaanzia kwenye springi ya betri, ambako mtaona ukungu wa kijani. Ikitokea hivyo, toeni betri, futeni springi na bati kwa kitambaa kilicholowa spiriti, msugue kidogo kwa msasa laini kabisa, mkauke, ndipo mrudishe. Baada ya onyesho la ufukweni futeni mpini wote kwa kitambaa kikavu, na usiku muulaze ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa masika vifuko hivyo hushiba baada ya wiki chache, nanyi mtavikausha kwa kuvianika juani juu ya bati kutwa nzima.